Dinari ya Saa Kumi na Moja

Katika mashamba ya kahawa ya Oldeani kila kitu kilipimwa kwa debe. Baba alichuma kwa debe, akalipwa kwa debe, akakopa unga dukani kwa ahadi ya madebe ya wiki ijayo. Sisi watoto wa kambini tulipobishana baba ya nani ana nguvu, hatukutaja ngumi wala mieleka, tulitaja madebe. Jioni mnyapara alisimama kando ya turubai, akatumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko kuhakikisha hakuna kahawa mbichi iliyofichwa chini ya mbivu, akafuta kilele cha debe kwa kiganja, ndipo akaandika. Kilichomwagika baada ya kufutwa kilikuwa cha tajiri. Kilichopungua kilikuwa chako.

Naamini debe hilo ndilo lililofanya neema iwe somo gumu kwetu kuliko amri zote kumi. Mtu aliyekuzwa kwa debe anajua kudai na anajua kudaiwa. Kupewa hajui. Akipewa, kwanza anatafuta kasoro, kisha anatafuta namna ya kulipa, na vyote viwili vikishindikana anaanza kujishawishi kwamba kumbe alistahili tangu mwanzo.

Oldeani iko chini ya mlima wenye jina hilohilo, kusini mwa kreta ya Ngorongoro. Mlima unazidi mita 3,000, una msitu na mianzi upande wa juu, na wenyewe uko ndani ya eneo la hifadhi. Mashamba yanaanzia pale msitu unapokoma, ingawa mpaka huo tembo na nyati hawajawahi kuukubali. Udongo ni mwekundu, wa volkano, na asubuhi ukungu hushuka hadi kwenye buni ukakaa humo mpaka saa nne. Walowezi wa Kijerumani walianza kufyeka huku mwishoni mwa miaka ya 1920, Waingereza walipokwisha kuwaruhusu kurudi Tanganyika. Vita vilipoanza mwaka 1939 waliwekwa kizuizini, mashamba yakashikwa kama mali ya adui, na tangu hapo yamepita katika mikono mingi. Wenye mashamba walibadilika. Debe halikubadilika. Vibarua walitoka kila upande: Wairaqw wa Mbulu na Karatu, Wanyaturu na Wanyiramba wa Singida, na wengine ambao hawakupenda kuulizwa walikotoka. Baba alikuwa Mnyiramba, Mama ni Mwiraqw. Nyumbani tulisalimiana kwa lugha tatu na kugombana kwa Kiswahili.

Kanisa letu la kambini lilikuwa mtaa mdogo wa Kilutheri, chumba cha matofali ya kuchoma chenye mabenchi yasiyo na migongo. Mchungaji alikuja kutoka usharikani mara chache, kwa ajili ya chakula cha Bwana na ubatizo. Jumapili nyingine zote tulikuwa mikononi mwa mwinjilisti, mtu wa maneno machache ambaye siku za wiki alichuma kahawa pamoja na wengine. Baada ya ibada kulikuwa na mnada. Asiye na fedha alileta mayai, mahindi au jogoo, na mazao hayo yakapigiwa bei mlangoni. Yai moja liliweza kununuliwa mara tatu, kwa sababu kila aliyelinunua alilirudisha liuzwe tena. Mgeni angedhani tumechanganyikiwa. Mimi nikikumbuka, naona ile ndiyo saa pekee ya wiki nzima ambapo watu wale walishika kitu bila kukipima, wakakiachia, na wakacheka.

Jumapili moja, mavuno yakiwa yamepamba moto, somo lilikuwa Mathayo 20. Mwinjilisti akasoma habari za mwenye shamba la mizabibu aliyetoka alfajiri kutafuta vibarua, akapatana nao dinari moja kwa siku. Akatoka tena saa tatu, saa sita na saa tisa. Mwisho akatoka saa kumi na moja, akawakuta wengine wamesimama sokoni, nao akawapeleka shambani. Saa hizo hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Saa kumi na moja Oldeani ni wakati watu wanatua mizigo kwenye turubai, jua limeegemea upande wa ziwa Eyasi, mnyapara ameshafungua daftari. Anayekuja kuomba kazi saa hiyo ama amelewa ama anaugua.

Na huyo akalipwa dinari ileile aliyopatana nayo mtu wa alfajiri.

Kanisa likanung'unika, tena kwa sauti. Mama mmoja aliyekuwa akichuma na mtoto mgongoni aliuliza bila kunyoosha mkono kama mwenye shamba huyo alikuwa na akili timamu. Baba akasema, nusu kwa utani, kwamba kesho yake hakuna mtu angeamka alfajiri. Mnyapara alikuwa msharika, na aliketi benchi la mbele. Akageuka akatoa ushauri wa kitaalamu: kosa la tajiri yule lilikuwa kwenye foleni. Angewalipa wa alfajiri kwanza, wangeenda zao wakiwa wameridhika, kisha angewapa wale wengine alichotaka bila mtu kujua. Watu wakacheka na ibada ikaelekea kugeuka kikao.

Mwinjilisti akangoja watulie. Kisha akasema kwamba ndiyo sababu mwenye shamba aliagiza waanze na wa mwisho. Alitaka waone.

Nimesikia mahubiri mengi tangu siku ile, mengine ya watu wenye shahada za theolojia, na sikumbuki neno lililonikaa kama hilo. Kupokea fadhili za Mungu chumbani kwako peke yako ni rahisi. Ugumu unaanza unapoona jirani amepewa kilekile, tena amekuja jioni, tena hakuloa umande. Hapo ndipo unajulikana kama uliichukua dinari yako kwa shukrani au kwa hesabu. Wale wa alfajiri hawakudhulumiwa hata senti. Kilichowauma ni kuona wema ukitoka mfukoni mwa mtu mwingine kwenda kwa mtu mwingine. Nadhani unyenyekevu hupimwa hapo kabla ya kupimwa kwenye magoti.

Tukiwa njiani kurudi kambini Mama alimuuliza Baba swali ambalo hakuna aliyeliuliza kanisani.

"Baba watoto, wale wa saa kumi na moja, mchana kutwa walikuwa wapi?"

"Sokoni. Wamesema hakuna aliyewaajiri."

"Basi walishinda hawajui watoto watakula nini usiku. Hiyo nayo ni kazi."

Baba hakujibu. Alikuwa na desturi ya kutojibu pale alipoona hoja ina uzito. Kanisani alijibu upesi.

Tulipoandaliwa kipaimara tulikariri Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, pamoja na yale maelezo ya sehemu ya kwanza ya imani, yanayosema kwamba mwili, nguo, chakula, nyumba na watu wa nyumbani vyote hutoka kwa Mungu kwa wema wake wa kibaba, bila stahili yetu. Tuliyasema kwa kasi, kama watoto wanavyosema jedwali la kuzidisha. Baadaye sana nilisoma kwamba Luther alipofariki Februari 1546 ilikutwa karatasi aliyoiandika siku za mwisho, na humo aliwaita wanadamu wote, yeye mwenyewe akiwamo, ombaomba. Mtu huyo alikuwa amefasiri Biblia nzima kwa Kijerumani, na wafalme walimjua kwa jina. Lakini hesabu yake ya mwisho haikuwa na debe hata moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sabuni na sukari vilikuwa vitu vya kupanga foleni, Baba alianguka kutoka kwenye trela la trekta. Mguu wa kushoto ukavunjika, ukaunga vibaya, na tangu siku hiyo alitembea akichechemea. Kibarua asiyeweza kupanda na kushuka mistari ya kahawa siku nzima hana madebe, na asiye na madebe hana unga. Mama akaanza kuchuma peke yake. Kaka yangu mkubwa akaacha shule kwa msimu mmoja ili amsaidie.

Ndipo akaja mzee mmoja Mwiraqw kutoka upande wa Mbulumbulu, mtu wa ukoo wa mbali wa Mama, wa mbali kiasi kwamba Mama mwenyewe ilibidi afikiri kidogo kabla ya kuueleza undugu. Alikuja kwa miguu, mkononi ana fimbo, nyuma yake kijana anaswaga ng'ombe mweusi mwenye ndama. Akasimama nje akasalimu, "Saita." Akaketi. Akanywa uji. Baada ya kuulizia mvua, mahindi na afya ya kila mtu, akasema amesikia hapa kuna watoto wasiopata maziwa, basi ng'ombe huyu akae kwetu.

Desturi hiyo ipo tangu zamani kwa wafugaji wa huku, Wairaqw kwa Wadatoga. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizi moja. Anampa huyu mmoja, yule wawili, ugonjwa au ukame ukipiga zizi moja, mengine yanabaki. Aliyewekewa anakamua, anapata samadi, anatunza. Ng'ombe ni wa mwenyewe. Kwa hiyo tendo la mzee halikuwa la ajabu. Jambo la ajabu ni kwamba alituchagua sisi. Ng'ombe huwekwa kwa mtu mwenye malisho na miguu ya kuchunga, nasi tulikuwa na chumba kimoja kambini na baba mwenye mguu mmoja mzima. Hata kibali cha kufuga pale ilibidi mzee mwenyewe aende kumwomba msimamizi wa shamba.

Baba usiku ule hakulala. "Anataka nini?" alimuuliza Mama, na akauliza tena, na tena. Kwa akili ya debe lilikuwa swali la haki kabisa. Hazikupita siku nyingi, akachukua jembe akachechemea hadi Mbulumbulu, mwendo ambao mtu mwenye miguu mizima huulalamikia, akaingia shamba la mzee na kuanza kupalilia mahindi bila kuombwa. Mzee alipomwona akamnyang'anya jembe. Akamwambia kwamba angetaka kibarua angeajiri mwenye miguu miwili. Kisha akamkalisha, akampa chakula, akamrudisha nyumbani kwa gari la mtu aliyekuwa akienda Karatu. Baba alikasirika mwezi mzima. Deni angeweza kulibeba, alikuwa amezoea. Zawadi ilimshinda.

Mama yeye alishukuru mara moja, siku ileile, kwa mikono miwili, yakaisha. Hakumfuata mzee kwa shukrani za kila wiki wala hakutafuta namna ya kurudisha. Alikamua. Alimpa maziwa jirani aliyejifungua pacha, akauza kidogo tukanunua madaftari, kaka akarudi shule. Samadi akaipeleka kwenye migomba. Alfajiri kabla ya kwenda kuchuma alikata majani mabichi kwenye ukingo wa msitu, akiimba kwa nguvu ili nyati ajue kuna mtu. Watu walipomsifia ng'ombe alijibu kwa neno moja, "Wa mzee." Sikuwahi kumsikia akisema "ng'ombe wangu". Na sikuwahi kuona ng'ombe aliyetunzwa vizuri kuliko yule.

Nimejaribu miaka mingi kueleza katika mafunzo ya Biblia maana ya kuishi kwa fadhili za Mungu, na kila mara naishia kwa ng'ombe huyo. Maziwa ni yako, unywe bila kuona haya. Ng'ombe si wako, kwa hiyo huna la kuringia. Unamtunza kwa bidii, wala si kwa hofu ya kunyang'anywa. Unamtunza kwa sababu aliyemleta ni mtu mwema na unapenda akija akute ananenepa. Mwenye hofu hukamua mpaka damu itoke, maana anahisi kesho hakutakuwa na kitu. Mwenye kiburi naye baada ya muda hubadili alama masikioni. Wote wawili hawamwamini mwenye ng'ombe.

Miaka kadhaa baadaye mzee alirudi. Mwanawe alikuwa anaoa na mahari ilihitajika. Mama akamfungua ng'ombe, akamkabidhi kamba. Ndama wa pili alikuwa amezaliwa kwetu, naye akamfungua. Baba akasema kwa sauti ya chini, "Hata ndama?" Mama akamjibu, "Tumekunywa." Jioni hiyo tulikunywa uji mkavu, bila maziwa, na kesho yake tena, na Mama hakubadilika. Nilimtazama nikisubiri anung'unike, kwa kuwa mimi nilikuwa nimenuna. Kumbe alipokuwa akipokea alikuwa tayari ameshakubali siku ya kurudisha.

Siku hizi ukiingia kanisa lolote Karatu mjini, la Kilutheri au la Kipentekoste, hukosi kusikia ushuhuda wa kibali. Kijana amepata kazi ya kuongoza watalii, Mungu amempa kibali mbele ya bosi. Mama amepata kiwanja Njia Panda, kibali. Barabara ya lami kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro iliubadilisha mji huu. Shamba lililokuwa la ngano leo lina hoteli, na bahshishi ya dereva mmoja imesomesha ukoo. Sina dharau na shuhuda hizo. Aliyewahi kukosa unga hacheki anayeshukuru kwa mshahara. Ninachokataa ni pale kibali kinapohubiriwa kama njia ya kutoka kwenye shida, na kwamba aliyebaki kwenye shida huenda imani yake ina tobo.

Ukifungua Maandiko utakuta kibali mahali usipopatarajia. Yusufu alipata kibali machoni pa mkuu wa gereza, na akabaki gerezani. Tena mnyweshaji ambaye Yusufu alimtafsiria ndoto alipotoka akamsahau, ikapita miaka miwili mizima. Danieli alipewa kibali mbele ya mkuu wa watumishi wa mfalme, Babeli, akiwa mateka. Mariamu aliambiwa na malaika kwamba amepewa neema, na jambo la kwanza Luka anatuambia baada ya salamu hiyo ni kwamba alifadhaika. Alikuwa na sababu. Baada ya neema ile zilifuata zizi la Bethlehemu, safari ya kukimbilia Misri, na maneno ya mzee Simeoni kuhusu upanga utakaoingia nafsini mwake. Naye alikubali kabla hajaonyeshwa orodha. Aliuliza swali moja tu la namna itakavyokuwa, akajibiwa, akajiita mtumwa wa Bwana. Hakudai mkataba.

Mwaka 2020 Karatu ilipata nafasi ya kujifunza hayo bila kutaka. Aprili ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa. Magari ya utalii yaliyokuwa yakipita alfajiri kwa msururu yakaegeshwa, hoteli zikafunga milango, wapishi, wahudumu na madereva wakarudi makwao. Rais Magufuli alitangaza siku tatu za maombi, tarehe 17 hadi 19 Aprili, na watu wakaomba kwelikweli. Mei 18 anga likafunguliwa, lakini wageni hawakurudi kwa siku moja.

Mpwa wangu, aliyekuwa ametoa ushuhuda wa kibali mwaka uliotangulia akiwa na koti jipya, alikuja Oldeani kumsaidia bibi yake. Mama ana ekari yake ya buni siku hizi. Kijana akafundishwa kupogolea, kuondoa machipukizi yanayonyonya mti, kutambua chulebuni kwenye tunda changa na kutu kwenye jani. Siku za kwanza alifanya kazi kama mtu aliyehukumiwa. Alikuwa anasoma simu kila saa kuona kama kampuni imeita. Bibi yake hakumhubiria. Alimpa mkasi wa kupogolea na kumwonyesha mstari wa kuanzia.

Jumapili moja mwishoni mwa mwaka huo alisimama kanisani, safari hii bila koti. Alisema mwaka uliopita alishukuru kwa sababu alidhani Mungu amemwona kuliko wenzake. Sasa anashukuru kwa sababu anakula kwa bibi, kazi hana, na amegundua Mungu hakuhama. Akakaa. Ulikuwa ushuhuda mfupi kuliko wote siku ile, na mwenye zamu ya kuongoza ibada, aliyezoea kuongezea neno baada ya kila ushuhuda, alitangaza wimbo.

Ule uamsho ulioanza Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kusambaa hadi Tanganyika ulijua jambo hili. Watu wake hawakusimama kutoa ushuhuda wa mali. Walisimama kusema walivyoiba, walivyochukia, na walivyosamehewa. Festo Kivengere, aliyetoka katika uamsho huo, alifundisha shule Dodoma katika miaka ya 1940 na 1950 kabla ya kurudi Uganda na kuwa askofu wa Kigezi. Februari 1977 askofu mkuu wake, Janani Luwum, aliuawa na utawala wa Idi Amin, na Kivengere na mkewe wakavuka milima usiku kwa miguu kuingia Rwanda. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake linatangaza kwamba anampenda Idi Amin. Hakufika hapo kwa urahisi. Alikiri kwamba chuki ilikuwa imemshika, na kwamba ni Ijumaa Kuu moja, akiwa London kanisani, ndipo alipoona hawezi kupokea msamaha wa msalaba kwa ajili yake huku akimfungia Amin mlango. Huyo naye aliona dinari ikienda kwa mtu wa saa kumi na moja, na mtu huyo alikuwa na damu ya rafiki yake mikononi. Mimi ningekuwa upande wa wanung'unikaji.

Kuna sura Baba aliipenda kuliko zote, na aliipenda kwa kugombana nayo. Ni habari ya Mefiboshethi katika kitabu cha pili cha Samweli. Mjukuu wa Sauli, mwana wa Yonathani, aliangushwa na yaya wake akiwa na miaka mitano wakati wa kukimbia vita, akalemaa miguu yote miwili. Daudi anamtafuta kwa ajili ya Yonathani, anamtoa Lo-debari alikokuwa akiishi, anamrudishia mashamba yote ya babu yake na kumketisha mezani pake siku zote. Mefiboshethi anainama na kujiita mbwa mfu. Ungetegemea Baba, na mguu wake, amkumbatie mtu huyo kama ndugu. Wapi! Baba alikuwa upande wa Siba.

Siba ni yule mtumishi wa nyumba ya Sauli aliyeagizwa, yeye na wanawe 15 na watumwa wake 20, kulima mashamba hayo na kuleta mazao, ili Mefiboshethi ale. "Watu 36 wanalima," Baba alisema, "mmoja anakula kwa mfalme. Na ninyi mnamlilia anayekula!" Kambini wengi waliafiki. Ilikuwa Biblia yenye mnyapara, vibarua na tajiri ndani yake, na wao walijua waketi wapi.

Baadaye Absalomu anaasi, Daudi anakimbia, Siba anamletea punda na mikate na kumwambia kwamba bwana wake amebaki Yerusalemu akitamani ufalme. Daudi palepale anampa Siba mashamba yote. Vita vinaisha, Mefiboshethi anatokea: miguu haikutunzwa, ndevu hazikukatwa, nguo hazikufuliwa tangu siku mfalme alipoondoka. Anasema Siba alimsingizia. Daudi, amechoka au hana uhakika, anaagiza wagawane mashamba nusu kwa nusu. Na yule kilema anajibu kwamba Siba achukue yote, madamu mfalme amerudi kwake salama.

Mama aliishikilia sentensi hiyo kwa namna ileile aliyoshika ile kamba. Alisema hapo ndipo unapomjua mtu aliyepewa. Aliyekuja mezani kwa ajili ya mezani angepigania mashamba. Huyu alikuja mezani na akampenda mwenye meza, ndiyo maana ukimpa nusu au ukimnyima yote bado ana kitu. Kujiita mbwa mfu siku ya kwanza mtu yeyote anaweza, hasa akiwa mbele ya kiti cha enzi na anaogopa. Kuachia shamba ukiwa umeonewa ni jambo jingine.

Baba hakukubali. Waligombana juu ya Siba zaidi ya miaka 30, kwenye moto, shambani, wakimenya mahindi, na nadhani walikuwa wanagombana pia juu ya ng'ombe mweusi bila kumtaja. Miaka michache iliyopita, alipokuwa amelala kitandani na sote tunajua haamki, aliniomba nimsomee sura ya 19. Nilipofika pale Mefiboshethi anaposema achukue yote, akainua kidole nisimame.

"Na Siba, alichukua?"

"Biblia haisemi, Baba."

"Mimi nasema alichukua nusu. Nusu hiyo alilima, ni haki yake."

Mama alikuwa jikoni, na mlango ulikuwa wazi kama kawaida.

"Na nusu nyingine?" akauliza.

Baba akatulia kidogo, akatabasamu upande wa ukutani ili asimwone.

"Hiyo niache," akasema. "Nikifika nitamuuliza mwenyewe."